Mateka, mfungwa au mahabusu? Jibu kwa mwalimu wa Tanga

Mwalimu wa historia katika shule moja ya sekondari mkoani Tanga ameandika hivi: "Kila Israel na Hamas wanapobadilishana watu, wanafunzi wangu wa kidato cha nne huniuliza kwa nini Mwisraeli mmoja hutolewa kwa Wapalestina kadhaa, pengine mamia. Mmoja alisema ni kwa sababu Israel inathamini watu wake kuliko wenzao wanavyothamini wao. Mwingine akamjibu kwamba ni kwa sababu Wapalestina wamejazwa magerezani. Tena redio moja inasema wafungwa wa Kipalestina, nyingine inasema mateka wa Kipalestina, na kila mtoto darasani ana redio ya kwao. Nani anasema kweli? Na je, Israel haijiletei hatari yenyewe kila inapowaachilia?"

Mwalimu, nashukuru kwa swali. Nitaanzia kwenye hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo inayowavuta watu, na ndiyo inayowapoteza njia.

Mwanzoni mwa mwaka 1970 mlinzi wa usiku wa Metula, mji mdogo ulio mpakani kabisa na Lebanon, alitekwa na wapiganaji wa Fatah, kundi la Kipalestina, wakavuka naye. Alirudi kwao Februari 1971, na kwa ajili yake Israel ikamtoa gerezani Mpalestina mmoja, Mahmoud Hijazi. Mmoja kwa mmoja, basi. Kwa hiyo uwiano wa mmoja kwa mamia haukuzaliwa pamoja na taifa hilo wala haukuandikwa popote. Umekua kidogo kidogo, na kila ulipokua palikuwa na sababu.

Kabla ya kuzitaja sababu hizo, waombe wanafunzi waweke kando vita vya dola kwa dola, yaani nchi kwa nchi. Baada ya vita vya Oktoba 1973, Misri ilirudishiwa askari wake zaidi ya 8,000 na Israel ikarudishiwa wake wasiofika 250. Hesabu ile haikusema lolote juu ya thamani ya askari wa Kimisri. Kila upande ulirudisha wale uliokuwa nao, kama Mkataba wa Tatu wa Geneva wa mwaka 1949 unavyotaka mapigano yakikoma, na idadi ikaonyesha tu nani alikamata wengi zaidi.

Mambo hugeuka pale anayeshikilia watu anapokuwa kundi lisilo dola, lenye askari mmoja au watatu mkononi na lenye wanachama maelfu katika magereza ya upande wa pili. Mtu huyo mmoja ndiye mtaji wake wote, na mtaji wa namna hiyo hauuzwi kwa bei ya kutupa. Novemba 1983 Fatah ilirudisha askari sita, na Israel ikawatoa watu zaidi ya 4,000, wengi wao kutoka kambi ya Ansar kusini mwa Lebanon. Tarehe 20 Mei 1985 kundi la Ahmed Jibril lilirudisha askari watatu likapata watu 1,150, miongoni mwao Sheikh Ahmed Yassin, ambaye miaka miwili baadaye aliasisi Hamas. Tarehe 18 Oktoba 2011 Gilad Shalit, askari aliyetekwa Juni 2006 karibu na kivuko cha Kerem Shalom, alirudi kwao baada ya miaka mitano na ushee, kwa watu 1,027 walioachiliwa kwa mafungu mawili: 477 siku hiyo na 550 mwezi Desemba.

Hapa ndipo mwanafunzi wako wa kwanza ana hoja, ila ameikata nusu. Utumishi wa jeshi nchini Israel ni wa lazima, na askari aliyetekwa ni mtoto wa jirani ambaye hakuchagua kwenda. Iko pia kumbukumbu ya Ron Arad, ofisa wa jeshi la anga aliyeruka kwa mwavuli juu ya Lebanon Oktoba 1986, akashikwa akiwa hai, mazungumzo ya kumkomboa yakasuasua, na mpaka leo hajarudi. Jina hilo hutajwa kila serikali ya Israel inaposita kusaini. Dini ya Kiyahudi nayo inahesabu kumkomboa mateka kuwa miongoni mwa wajibu mkubwa, ingawa, na hili husahauliwa na wanaoipenda hoja hii, Mishna, kitabu cha kale cha sheria za dini hiyo hiyo, inakataza kumkomboa kwa zaidi ya thamani yake, watekaji wasije wakanogewa. Ubishi unaosikika leo katika bunge la Israel una umri wa karibu miaka 1,800.

Nusu aliyoikata ni ile ya "kuliko wenzao". Wapalestina wana Siku ya Wafungwa, tarehe 17 Aprili, inayoadhimishwa tangu miaka ya 1970, na viongozi wa Hamas wamesema wazi mara nyingi kwamba wanateka watu ili kuyamwaga magereza. Mama anayekesha Beitunia, nje ya gereza la Ofer karibu na Ramallah, akisubiri basi la Msalaba Mwekundu, hampendi mwanawe pungufu ya mama aliyekesha mjini Tel Aviv katika uwanja ambao watu wake waliubatiza Uwanja wa Mateka. Tofauti ni kwamba huyu wa Beitunia ana wenzake maelfu, na hilo linatuleta kwa mwanafunzi wako wa pili.

Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko tunavyodhani. Tuna neno mfungwa kwa mtu aliyehukumiwa na mahakama akapewa kifungo. Tuna mahabusu kwa anayesubiri kesi yake. Tuna kizuizini kwa mtu aliyeshikwa kwa amri ya mkubwa bila kesi wala tarehe ya kutoka, na neno hilo wazee wetu hawakulisoma kamusini: Tanganyika ilitunga Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini mwaka 1962, na Wakenya wanayo majina ya kambi za Manyani na Hola tangu enzi ya mkoloni. Mwishowe tuna mateka, yaani mtu aliyekamatwa vitani, au aliyeshikwa ili kwa kumshika mshikaji apate kitu kutoka kwa mwingine.

Sasa yachukue maneno hayo manne uyaingize katika magereza ya Israel, utaona kwamba hakuna hata moja linalowaenea wote. Wapalestina wa Ukingo wa Magharibi hushtakiwa katika mahakama za kijeshi, ilhali mlowezi wa Kiyahudi anayeishi kilima cha pili akikosa hupelekwa mahakama ya kiraia. Wanaopatikana na hatia ni wafungwa, hata kama wewe au mimi tuna shaka na mahakama iliyowahukumu. Wapo wanaosubiri kesi, nao ni mahabusu. Kisha wapo waliowekwa kizuizini kwa amri ya kamanda wa jeshi, ya miezi hadi sita inayoweza kurefushwa tena na tena, kwa ushahidi ambao wao na mawakili wao hawaonyeshwi. Israel hueleza kwamba kuuanika ushahidi huo kungewafichua watoa habari wake. Hoja hiyo inaeleweka, lakini haimpi aliye ndani nafasi ya kujitetea. Mwaka 2024 waliokuwa katika hali hiyo walizidi 3,000.

Kuna kisa kimoja ambacho waandishi wengi hukiruka, nami nakuomba ukikalie kidogo darasani, kwa sababu ndicho kinachounganisha mambo yote haya. Mwaka 1989 makomandoo wa Israel walimchukua nyumbani kwake kusini mwa Lebanon Sheikh Abdel Karim Obeid, kiongozi wa dini katika kundi la Hezbollah, na mwaka 1994 wakamchukua Mustafa Dirani, kiongozi mwingine wa wapiganaji wa Lebanon, kwa matumaini kwamba wawili hao wangekuwa njia ya kumpata Ron Arad au habari zake. Walikaa miaka mingi bila kosa la kuwahalalishia kukaa huko. Aprili 2000 Mahakama Kuu ya Israel, chini ya jaji Aharon Barak, iliamua kwamba sheria haimruhusu mtu kuwekwa kizuizini awe kitu cha kujadiliana bei tu, ikiwa yeye mwenyewe si hatari kwa usalama. Ulikuwa uamuzi wa ujasiri. Bunge likajibu mwaka 2002 kwa kutunga sheria mpya ya kuwashikilia watu wanaoitwa wapiganaji haramu, na Obeid na Dirani wakabaki ndani hadi Januari 2004, walipotoka katika mapatano na Hezbollah yaliyosimamiwa na Ujerumani. Sheria ile iliyotungwa kwa sababu ya Walebanon wawili haikufutwa. Baada ya shambulio la Hamas nchini Israel tarehe 7 Oktoba 2023, ndiyo iliyotumika kuwashikilia watu waliokamatwa Gaza, na tarehe 13 Oktoba 2025 zaidi ya 1,700 miongoni mwao waliachiliwa katika mapatano, bila kufunguliwa mashtaka tangu siku walipokamatwa.

Hawa tuwaite nani? Si wafungwa, maana hakuna aliyewahukumu. Redio ikisema "Israel yaachilia wafungwa karibu 2,000", msikilizaji wa Korogwe anaona wahalifu 2,000 wakitoka lango moja.

Kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Jioni ya tarehe 24 Novemba 2023 nilikuwa zamu kwenye dawati la habari za kimataifa, siku ya kwanza ya usitishaji wa mapigano. Habari za mashirika zikaingia: Hamas imeachilia watu 24, yaani Waisraeli 13, Wathailand kumi na Mfilipino mmoja, na Israel imeachilia Wapalestina 39, wanawake 24 na vijana 15. Nikaandika kichwa cha habari: "Mateka 24 huru, wafungwa 39 waachiwa." Kilikaa vizuri katika safu mbili. Msahihishaji wetu, mama mmoja mtaratibu ambaye hakuwa na habari na siasa za Mashariki ya Kati, akanirudishia karatasi akiwa ameweka duara kwenye neno wafungwa na kuuliza pembeni kwa penseli: "Wamefungwa kwa kosa gani?" Nikaitafuta orodha ya majina 300 ambayo Wizara ya Sheria ya Israel yenyewe ilikuwa imeitangaza siku mbili kabla. Wengi walikuwa wavulana wa miaka kumi na saba, kumi na sita, kumi na nne, na mbele ya kila jina paliandikwa tuhuma: kurusha mawe, kurusha chupa za petroli, uchochezi, na kwa baadhi yao kujaribu kuua. Walio wengi katika orodha hiyo walikuwa hawajahukumiwa. Kichwa changu kilikuwa kimeshawahukumu.

Lakini usiwaache wanafunzi wakaegemea upande wa pili wakaanguka. Orodha hazifanani. Julai 2008 Israel ilimtoa Samir Kuntar, aliyekuwa gerezani kwa shambulio la mwaka 1979 mjini Nahariya ambamo baba mmoja na binti yake wa miaka minne waliuawa, naye alibadilishwa kwa miili ya askari wawili. Katika orodha ya mwaka 2011 walikuwamo watu waliopanga milipuko ya mabasi na migahawa wakati wa intifada, yaani uasi wa Wapalestina, ya pili. Yahya Sinwar, aliyetoka siku ile ya Shalit, alikuwa na vifungo vinne vya maisha, na waliouawa katika kesi yake walikuwa Wapalestina wenzake aliowashuku kuwa vibaraka. Redio inayowaita watu hawa "mateka", kwa neno lile lile inalomwitia mvulana wa mawe, imeficha jambo kubwa kama lile nililolificha mimi, ila kwa upande wa pili.

Neno hilo la mateka linawaenea bila ubishi raia waliotekwa Israel wakapelekwa Gaza tarehe 7 Oktoba 2023. Waliochukuliwa siku ile walikuwa watu 251, wakiwamo watoto, vikongwe na wafanyakazi wa mashambani kutoka Thailand ambao hawakuwa na ugomvi na mtu. Kifungu cha 34 cha Mkataba wa Nne wa Geneva kinapiga marufuku kuchukua mateka, kwa maneno machache yasiyo na masharti, na hakuna dhuluma iliyotangulia inayokifuta. Kwa askari waliokamatwa wakiwa kazini mjadala ni mrefu zaidi, kwa kuwa askari anaweza kuwa mateka wa vita kwa halali. Lakini mtu anayeshikiliwa chini ya ardhi kwa miaka miwili, haonwi na Msalaba Mwekundu, na uhai wake unatajwa katika kila sharti, ameshikwa kwa ajili ya bei yake. Katika kipindi hicho hicho Israel nayo ilizuia Msalaba Mwekundu kuwatembelea Wapalestina walio magerezani, na hilo pia limo katika somo.

Siku ile ya tarehe 7 Oktoba waliuawa vijana wawili wa Kitanzania waliokuwa Israel kwa mafunzo ya kilimo. Mwili wa mmoja wao ulipelekwa Gaza, ukarudishwa Novemba 2025, miaka miwili na mwezi mmoja baadaye. Katika vichwa vingi vya habari vya dunia kijana huyo alikuwa sehemu ya "raia wa kigeni", na kama wanafunzi wako wanataka kuona upendeleo wa vyombo vya habari kwa macho yao, waanzie hapo: nani anatajwa kwa jina, umri na kazi, na nani anabaki kuwa tarakimu.

Maana upendeleo, Mwalimu, mara chache huja kwa uongo mtupu. Redio unazozitaja nazijua. Idhaa ya Kiswahili ya Iran husema "utawala wa Kizayuni", na Wapalestina walio magerezani huwaita mateka. Msikilizaji wake anajua mapema yuko nyumbani kwa nani. BBC ina sera ya kutotumia neno magaidi kwa kauli yake yenyewe, sera iliyoikasirisha serikali ya Israel Oktoba 2023, na wakati huo huo imeshutumiwa na wengine kwamba huhesabu vifo vya upande mmoja kwa sauti ya chini. Mimi huwa nasikiliza zaidi vitenzi. Waisraeli "waliuawa na Hamas", Wapalestina "walipoteza maisha". Katika Kiswahili kauli ya kutendwa inamruhusu mtendaji kutoroka kwa urahisi sana: "nyumba ilipigwa", "watu waliuawa", bila ya "na" inayofuata. Mpe mwanafunzi gazeti na kalamu nyekundu, amtafute huyo "na".

Tarehe 8 Juni 2024 inatosha kwa mfano. Jeshi la Israel liliingia Nuseirat, katikati ya Gaza, mchana kweupe, likawatoa mateka wanne wakiwa hai. Wizara ya Afya ya Gaza ikasema watu wasiopungua 274 waliuawa katika operesheni hiyo. Kulikuwa na vyombo vilivyoandika juu ya kukumbatiana kwa baba na binti na kuziacha maiti aya ya tisa, na kulikuwa na vingine vilivyoandika mauaji ya halaiki sokoni bila kueleza kwamba watu wanne walikuwa wamefungiwa katika nyumba za raia pale pale. Kila kimoja kilisema kweli, na aliyesoma kimoja tu hakuijua habari.

Uongo wenyewe nao ulikuwapo, au tuseme haraka iliyozaa uongo. Siku chache baada ya tarehe 7 Oktoba ilienea habari ya watoto wachanga 40 waliokatwa vichwa. Haikuthibitishwa, na Ikulu ya Marekani ililazimika kufafanua kwamba rais wake, aliyeizungumzia, hakuwa ameona picha zozote za jambo hilo. Tarehe 17 Oktoba mlipuko ulitokea katika hospitali ya al-Ahli mjini Gaza, na vyombo vikubwa vikatangaza ndani ya saa moja kwamba ni shambulio la ndege la Israel. Uchunguzi uliofuata, ukiwamo wa Human Rights Watch, ulielekea zaidi kwenye roketi ya Kipalestina iliyokosa njia, na gazeti la New York Times likakiri kwamba mwanzoni lilitegemea mno maelezo ya Hamas. Kilichozidisha tabu ni kwamba Israel haikuwaruhusu waandishi wa kigeni kuingia Gaza kwa uhuru wao, wakaingia wale tu waliochukuliwa na jeshi kwa safari za saa chache. Kazi ikabaki kwa waandishi wa Kipalestina walio ndani, nao wameuawa kwa idadi isiyowahi kuonekana tangu Kamati ya Kuwalinda Waandishi wa Habari ianze kuhesabu. Mei 2024 Israel iliifungia Al Jazeera, na Januari 2025 Mamlaka ya Palestina nayo ikaisimamisha. Hilo la pili huwashangaza wengi.

Ukitaka kuona jinsi pande zote mbili zilivyojua kwamba kamera ni silaha, rudi Februari 2025. Hamas iliwapandisha mateka jukwaani mbele ya umati, ikawapa vyeti na mifuko ya zawadi, wengine wamekonda mifupa inaonekana. Tarehe 15 mwezi huo huo Idara ya Magereza ya Israel iliwavisha Wapalestina waliokuwa wakiachiliwa fulana nyeupe zenye Nyota ya Daudi na maandishi ya Kiarabu yaliyosema hatusahau wala hatusamehi. Walipofika Gaza walizivua wakazichoma moto. Mtu anayerudi kwao baada ya miaka ishirini anafanywa bango la mtu mwingine hadi dakika ya mwisho.

Nije kwenye swali lako la hatari. Hatari ipo, na anayeikana haangalii historia. Baadhi ya walioachiliwa mwaka 1985 walikuwa mstari wa mbele katika intifada iliyoanza Desemba 1987. Sinwar alitoka mwaka 2011, mwaka 2017 akawa kiongozi wa Hamas mjini Gaza, na ndiye aliyepanga tarehe 7 Oktoba. Alikuwa amejifunza Kiebrania gerezani, na mwaka 2004 madaktari wa Israel walimfanyia upasuaji wa kichwa uliomwokoa. Aliuawa Rafah Oktoba 2024.

Hata hivyo simulizi hiyo inamtwika mtu mmoja mzigo wa wengi. Uchunguzi wa jeshi la Israel lenyewe, uliotangazwa Februari 2025, ulikiri kwamba jeshi lilishindwa kabisa kuwalinda raia, kwamba lilimdharau adui na kuutegemea mno ukuta na mitambo yake. Mkuu wa ujasusi wa kijeshi alikuwa ameshajiuzulu Aprili 2024, na mkuu wa majeshi akaondoka Machi 2025. Kumwacha Sinwar gerezani kusingeuziba uzembe wa mpakani.

Njia ya nguvu nayo ina bei yake. Watu hupenda kutaja Entebbe, nasi wa Afrika Mashariki tunaijua kwa karibu. Ndege ya Air France ilitekwa Juni 1976 ikapelekwa Uganda ya Idi Amin, watekaji wakataka wafungwa 53, arobaini wakiwa Israel na wengine wakidaiwa kushikiliwa katika nchi nyingine, Kenya ikiwamo. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai makomandoo wakawaokoa karibu wote, na ndege zao zikajaza mafuta Nairobi wakati wa kurudi. Kinachosahauliwa ni kwamba tarehe 1 Julai serikali ya Yitzhak Rabin ilikuwa imeshaamua kuzungumza na watekaji, kwa kuwa wakati huo mpango wa uokoaji ulikuwa haujakamilika. Rabin huyo huyo, Oktoba 1994, aliagiza uokoaji wa askari Nachshon Wachsman katika nyumba moja kaskazini mwa Jerusalem. Askari akauawa, ofisa aliyewaongoza waokoaji akauawa, na Rabin akatoka kwenye televisheni kusema kwamba dhamana ni yake. Katika vita hivi vya karibuni jeshi liliwaokoa mateka wanane wakiwa hai. Waliorudi hai kwa mapatano walizidi 150.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, nitasema Israel haibadilishani watu kwa sababu imesahau usalama. Inabadilishana kwa sababu nayo mara kadhaa imekamata watu kwa matumaini ya kuwabadilisha, na mahasimu wake wameusoma mchezo huo wakaurudisha kwa ukatili mkubwa zaidi. Kamati ya jaji Meir Shamgar, iliyoundwa mwaka 2008, ilipendekeza mipaka mikali kwa mapatano ya baadaye. Ripoti yake ilikabidhiwa Januari 2012, miezi mitatu baada ya Shalit kurudi, na ilipofika Novemba 2023 uwiano ukapangwa upya mezani, watatu kwa mmoja.

Kwa darasa lako napendekeza zoezi moja. Waandikie ubaoni kichwa hiki: "Mateka 20 huru, wafungwa karibu 2,000 waachiwa", kisha waambie wakiandike upya bila kumhukumu mtu ambaye mahakama haijamhukumu na bila kumsafisha aliyehukumiwa. Mimi nilijaribu, nikapata hivi: "Tarehe 13 Oktoba 2025 Hamas iliwaachilia mateka 20 waliokuwa hai. Siku hiyo Israel iliwaachilia wafungwa wa Kipalestina wapatao 250, wengi wao wakiwa na vifungo vya maisha au virefu, baadhi kwa mauaji, na watu wengine zaidi ya 1,700 ambao iliwakamata Gaza wakati wa vita ikawaweka kizuizini bila mashtaka." Msomaji wa taarifa ya habari atalalamika kwamba pumzi haitoshi, na yule msahihishaji wangu atauliza tena hao baadhi ni wangapi.